Majibu ya Mwalimu Eliamini Yalikuja kwa Miguu

Jana mchana niliota, na kabla sijasimulia naomba ieleweke kwamba sikulala kazini. Niliweka paji la uso juu ya fomu ili nipumzishe shingo. Yaliyofuata hayakuwa kosa langu.

Mimi ni Nakiete Mbwambo, mhoji katika kliniki ya mishipa ya fahamu hapa kwetu Upareni. Kazi yangu ni kupima ubora wa maisha ya wagonjwa wa Huntington. Msicheke, ni kazi, na ina fomu yake. Huntington ni ugonjwa wa ubongo unaorithiwa ndani ya ukoo. Mwili unaanza kujiendea bila kumwuliza mwenyewe, na maneno yanachelewa kutoka mdomoni. Fomu ina maswali kumi na mawili. Kila jibu lina alama, alama zinajumlishwa, na mwisho unapata namba kati ya sifuri na mia, ambayo ndiyo maisha ya mtu. Namba hiyo naipeleka kwa Daktari Mrutu, naye anaandika ushauri.

Kwa kasi sina mpinzani. Wenzangu wanahoji watu watano kwa siku, mimi kumi na wanne. Mwaka jana nilipewa zawadi ya mfanyakazi bora, chupa ya chai ya bluu yenye maua ubavuni. Siri yangu ni kufuata kanuni ya sekunde kumi. Mgonjwa akiulizwa, sekunde kumi zikapita hajajibu, unaandika "hakujibu" na unamgeukia ndugu aliyemleta. Ndugu hawana shida kabisa. Ndugu wanajibu hata kabla swali halijaisha.

Jana mgonjwa wangu wa mwisho alikuwa Mwalimu Eliamini Mchomvu, aliyekuwa mwalimu wa kwaya. Ugonjwa ulimwanza miaka sita iliyopita, na kwa miaka miwili ya mwanzo hakuna aliyejua, maana mwalimu wa kwaya akirusha mikono hewani watu wanaimba tu. Siku hizi hafundishi tena. Anakaa mstari wa nyuma, kwenye besi, anaimba. Na hilo la kuimba ndilo lililowaleta. Mdogo wake, Msifuni, anayemlea, anataka aache kwenda. Mwalimu hataki kuacha. Wamevutana nyumbani weee, mpaka wakakubaliana kwamba atakaloandika daktari ndilo litakalofuatwa.

"Dada Nakiete, mimi nimechoka," Msifuni aliniambia, tena kwa kunong'ona, kana kwamba kaka yake hakuwa mita moja kutoka hapo. "Kila Jumapili namwogesha, namvalisha, namshika mkono mpaka kanisani. Wimbo ukiisha, yeye bado yumo. Wenzake wanageuka kumtazama. Aibu naiona mimi. Na yeye anaiona, ila hasemi."

Nami nikamnong'oneza, "Pole, mdogo wangu. Ndiyo hivyo, mwalimu ameshakwisha."

Mwalimu alikuwa kwenye kile kiti chetu kizito chenye mikono, kisichopinduka. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unapiga hatua bila kwenda popote. Nikamwuliza maswali yote kumi na mawili. Kila swali alinitazama machoni, akavuta pumzi, akafungua mdomo, sekunde kumi zikaisha, Msifuni akajibu. Tukapata ishirini na sita kati ya mia. Kwa alama kama hizo Daktari Mrutu huandika jambo moja tu: mgonjwa apumzike nyumbani, asihudhurie mikusanyiko.

Msifuni akaenda kupanga foleni ya dawa. Tukabaki wawili. Nikaona si adabu kukaa na mtu mzima kimya kimya, nikamtupia neno la kupitisha muda.

"Kwani Mwalimu, hiyo kwaya yenyewe bado unaiendea nini?"

Sikuwa nangoja jibu. Nilikuwa nimeshiba makande, jua limekaa juu ya bati, na shingo inaniuma. Nikaweka paji la uso juu ya fomu.

Fomu inaniambia niondoke juu yake.

Naondoka. Fomu inasimama, inajikung'uta, inazunguka meza na kukaa kwenye kiti changu. Imevaa miwani yangu, ingawa mimi sina miwani.

"Jina?" inauliza.

"Nakiete Mbwambo. Lakini si tunajuana? Nimekujaza zaidi ya mara elfu mbili."

"Hilo si swali nililouliza. Kaa kwenye kiti kizito."

Nakaa. Kiti kinanishika mikono yote miwili. Kinaniambia kwa upole kwamba hakina ubaya na mimi, ni utaratibu tu.

Droo inafunguka, inatoka futi ya fundi cherehani, ile ya manjano, na kuanza kunizunguka mwilini.

"Kifua, arobaini," inasoma. "Kiuno, tusiseme. Furaha..." Inanizunguka tena, inavuta, inaguna. "Furaha inabana kwapani. Ilishonwa zamani, mwenyewe akanenepa."

"Haiwezi kuongezwa?" nauliza.

"Inaweza, kama uliacha pindo."

Fomu inaandika: hakuacha pindo.

"Tuendelee," inasema. "Katika wiki nne zilizopita, umejisikiaje?"

Kabla sijasema kitu, nazikuta hizo wiki nne zenyewe zimekaa kwenye benchi la ukutani. Zimeitwa kutoa ushahidi. Ya kwanza inasema haikumbuki chochote, ina mambo mengi. Ya pili inasema nilikuwa na mafua na nikawanunia watu wote nyumbani, mpaka paka. Ya tatu imelala. Ya nne inaomba isihojiwe kwanza, maana haijaisha.

"Wastani wao?" Fomu inauliza.

"Chukua ile iliyolala," inasema futi.

Fomu inaandika. Kisha inavua miwani, inaipangusa, inavaa tena, nami nautambua huo mtindo. Ndivyo ninavyofanya mimi nikikaribia maswali magumu, ila mimi natumia kalamu.

"Swali linalofuata. Ni jambo gani linalokufanya ufurahie siku zako?"

Loo, hilo nalijua! Kila Jumamosi naenda kwa wifi yangu Nambua. Tunakaa kibarazani, tunamenya ndizi, tunabishana. Tunabishana juu ya nani alipaswa kumwoa nani, juu ya chumvi, juu ya mvua ya mwaka gani ilibomoa choo cha nani. Narudi nyumbani sauti imekauka na moyo umetakata. Hakuna siku ninayoipenda kama hiyo. Nafungua mdomo niseme.

Ulimi haunyanyuki. Umekuwa mzito kama ugali uliolala. Neno "wifi" ninalo, nalisikia kabisa, liko nyuma ya meno linafunga kamba za viatu.

"Tisa," Fomu inahesabu. "Kumi. Hakujibu. Aitwe mlezi."

Mlango unafunguka, inaingia chupa yangu ya chai. Imejifunga khanga kiunoni na inatembea kwa heshima zote.

"Wewe ni nani wake?"

"Ninaishi naye," inasema chupa. "Asubuhi tuko wote, mchana tuko wote. Namjua nje ndani."

"Anafurahia nini?"

"Maji ya moto," inasema bila kufikiri. "Umjaze mpaka shingoni, umfunge kifuniko, umweke pembeni asiguswe. Hapo utamwona alivyotulia."

Natikisa kichwa kwa nguvu. Fomu inaandika kwamba mgonjwa anatikisika kichwa.

"Na hizi habari za Jumamosi? Tumesikia huwa anakwenda kwa wifi yake."

"Huko anateseka," inasema chupa, na sauti yake inaanza kutetemeka. "Anarudi hana sauti. Wanamgombeza kutwa nzima, naye anawajibu mpaka anaishiwa. Mimi ndiye ninayemwona akirudi. Namwonea huruma, jamani. Na yeye hapendi, ila hasemi."

Inainua kifuniko chake na kujifuta machozi. Naona wazi kwamba inanipenda. Haisemi uongo hata kidogo, ndivyo inavyoamini, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

"Kumi na tisa kati ya mia," inatangaza Fomu. "Afungwe kifuniko. Asiende tena kwa wifi."

"Wifi!" napiga kelele. Neno limetoka.

Fomu inatazama saa. "Limechelewa. Sekunde kumi na nne."

"Nne tu zaidi!"

"Ndiyo. Nne."

Nataka kuirukia, lakini kufumba na kufumbua kiti hakipo, na chumba hakipo. Nimekaa nyuma ya dirisha la mapokezi. Miwani sasa nimevaa mimi. Nje ya dirisha si ukumbi wa kliniki tena, ni barabara ya vumbi jekundu, mkonge huku na huku, imenyooka mpaka milimani. Lile benchi na wiki zake nne limehamia kando ya barabara, na hakuna anayeona ajabu.

Mbali kule barabarani kuna watu wanakuja kwa miguu, mmoja mmoja, wameachana sana. Wanatembea kwa namna yao. Hatua mbili mbele, moja pembeni, na mkono unaopunga bila kumpungia mtu. Hawakimbii na hawasimami.

Wa kwanza anafika, amejaa vumbi mpaka kwenye kope.

"Hodi."

"Karibu. Shida yako?"

"Mimi ni jibu la swali la pili la Eliamini Mchomvu. Lile la usingizi."

Nalitazama juu mpaka chini. Ni jibu kweli, halina shaka.

"Pole," nasema. "Umechelewa. Swali la pili nimelifunga tangu saa nane kamili. Mdogo wake amenijibu kwamba halali."

"Analala," linasema jibu. "Kitanda ndicho hakilali. Kinamrusha. Godoro likiwekwa chini sakafuni, nyumba nzima italala."

"Fomu haina kisanduku cha kitanda."

"Basi nitakaa hapo," linasema, na kwenda kukaa kwenye benchi. Wiki ya pili inajisogeza kidogo lipate nafasi.

Linafika lingine. Hili ni la swali la tano, la chakula. Nalieleza kwamba swali la tano nalo limefungwa, mdogo wake kasema mgonjwa hapendi kula.

"Anapenda mno. Kijiko ndicho kinachopotea njia. Na makande ya Msifuni anayapenda kuliko ya marehemu mama yao." Linasogeza kichwa dirishani. "Ila hilo usiliandike, kuna mashangazi."

Siandiki. Linakwenda kukaa.

La tatu linakuja limesimama wima, halijachoka, na halinisalimu. Hilo peke yake linanitia wasiwasi.

"La swali la sita," linasema. "Je, mgonjwa anaelewa yanayosemwa mbele yake?"

"Ah, hilo. Mdogo wake alisema, saa nyingine."

"Saa zote," linasema jibu. "Pamoja na ile saa uliyosema ameshakwisha."

Naona soni mpaka masikio yananiwaka.

"Mimi nilinong'ona," nasema.

"Ulinong'ona vizuri sana. Tulisikia wote."

Nainamisha uso. Nikiuinua, naona jibu jingine linapanda kutoka bondeni, na hili limejitwika mzigo kichwani. Mzigo ni mkubwa kuliko lenyewe. Shingo imezama mabegani. Linakwenda hatua mbili, linapepesuka moja, linasimama kuusawazisha, linaanza tena. Linafika mbele ya dirisha na halina pumzi ya kusema hodi.

"Nitue," linasema.

Natokea dirishani. Sijui napitaje, maana dirisha ni dogo na habari za kiuno changu mmeshazisikia. Tunashika wawili, huku na huku, tunautua mzigo chini.

"Una nini humu?"

"La swali la tisa. Mgonjwa anaogopa nini."

"Tuliandika haogopi kitu. Msifuni alisema mambo ya hofu yameshamtoka."

Jibu linakaa juu ya mzigo wake na kujipepea kwa mkono, na mkono unakwenda pengine, linaurudisha.

"Ni Namkunda," linasema. "Binti yake, wa miaka kumi na tisa. Ugonjwa huu mzazi ama anampa mtoto, ama hampi, nusu kwa nusu. Binti hajapima. Baba hajui amwambie akapime, au amwache aishi na ujana wake. Kila asubuhi anajitwisha hili, na kila jioni hajapata pa kulitua. Msifuni akimwona analia, hudhani ni ugonjwa tu."

Nalia. Nalia palepale barabarani, mbele ya wiki nne na majibu ya watu, wala sioni haya. Jibu linanyoosha mkono linipigepige mgongoni. Mkono unakosea, unapiga mkonge, unarudi, unapata mgongo.

"Nyamaza," linaniambia. "Wewe si wa kwanza kutoniuliza."

Kufikia hapo benchi limejaa. Majibu mengine yamefika wakati nalia, yamejitafutia mahali pa kukaa, na mawili yamekaa kwenye mapaja ya wiki ya tatu, ambayo bado imelala. Nayahesabu. Kumi na mawili. Yote yapo.

"Basi yameisha," nasema, nikijifuta kwa mkono wa gauni.

"Bado moja," linasema la swali la tisa.

Narudi nyuma ya dirisha langu, natazama barabarani. Kweli, mwisho kabisa, chini ya milima, kuna kitu kidogo kinakuja. Hatua mbili mbele, moja pembeni.

Hapo ndipo Muhuri anapotokea. Ni mfupi, mnene chini, ana shingo ya mbao na midomo yenye wino. Anakuja kufunga dirisha.

"Kazi imekwisha," anasema. "Daktari anangoja karatasi nikaipige: apumzike nyumbani."

"Kuna jibu moja linakuja."

"La swali la ngapi? Fomu ina kumi na mawili."

"Sijui la swali la ngapi. Linakuja."

"Sekunde kumi," anasema Muhuri. "Kanuni unaijua kuliko sisi sote." Anashika ubao wa dirisha na kuanza kuushusha. "Moja. Mbili."

Na mimi nafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu niajiriwe. Naushika ubao kwa chini, nausukuma juu.

"Nane," anasema Muhuri, kwa mshangao. "Tisa. Kumi. Achia!"

Siachii.

Inakuja sekunde ya kumi na moja. Sijawahi kuiona maishani mwangu. Ni nyembamba, imevaa vizuri, inanisalimia kwa aibu, "Shikamoo, dada," inapita. Nyuma yake inakuja ya kumi na mbili, na ya kumi na tatu, zimebeba vyakula vyao kwenye vikapu. Zinasema miaka yote zimekuwa zikifika hapa na kukuta pamefungwa.

"Mfanyakazi bora!" ananikejeli Muhuri, anasukuma kwa tumbo. "Kumi na wanne kwa siku!"

"Leo mmoja," namjibu. Mabega yanawaka moto. Sekunde zinapita kwa makumi sasa, zinaongea, zinacheka, nyingine zimebebana. Wale waliokaa kwenye benchi wamesimama wote kutazama barabara. Hata wiki ya tatu imeamka na inauliza kuna nini.

"Linakuja," naiambia.

Lile jibu linazidi kukaribia. Linapepesuka, linaanguka mara moja kwenye mkonge, moyo unanipasuka, linanyanyuka. Halina mzigo wowote. Ni dogo, lina jasho usoni, na linatabasamu. Linafika, linakosa dirisha kwa mkono wa kwanza, kwa mkono wa pili linashika ukingo.

"Pole na safari," nasema, huku nimebeba dirisha zima mabegani.

"Nimeshapoa. Mimi simo kwenye fomu," linasema. "Ni la lile swali uliloliuliza bila kulitaka. Kwamba kwaya anaiendea nini."

"Nalitaka," nasema. "Nalitaka sana. Sema."

Jibu linavuta pumzi. Muhuri anapiga kelele. Ubao unanielemea, nauma meno, siachii.

"Anasema hivi," linasema jibu, na kufungua mdomo. "Kwa sababu..."

"...wananisubiri."

Sauti ilikuwa nzito na nene, na haikutoka dirishani.

Nikainua kichwa. Fomu ilikuwa imenigandia kwenye paji la uso, nikaibandua. Mwalimu Eliamini alikuwa mbele yangu kwenye kiti kizito, mguu wa kushoto unapiga hatua, uso umelowa jasho, macho kwangu. Mdomo wake ndiyo kwanza ulikuwa unafunga lile neno.

Nikatazama saa ya ukutani. Chini ya fomu, kwa mkono wangu, nilikuwa nimeandika muda wa kumaliza: saa nane na dakika kumi na moja. Saa ya ukutani ilikuwa inaingia dakika ya kumi na tatu. Safari yote ile, na vumbi lote lile, ilikuwa dakika moja na ushei.

Niliogopa nikisema nitamkata. Akavuta pumzi tena, nikamwangalia akivuta.

"Wimbo... ukiisha," akasema Mwalimu, "hawakai chini. Wanashika... ile sauti ya mwisho. Wanageuka... waone kama... nimefika. Nikifika... tunafunga... wote."

Mlangoni kulikuwa na mtu. Msifuni alikuwa amesimama na mfuko wa dawa mkononi, na sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Alimtazama kaka yake, kisha akaketi kwenye kiti cha wageni bila kukitazama, na kidogo akikose.

"Kumbe wanageukia hilo," akasema. "Mimi Jumapili zote hizo nainamisha kichwa. Nilidhani wanamcheka. Kaka, mbona hujaniambia siku zote hizo?"

Halafu, kwa mazoea yake na yangu, akafungua mdomo ili amjibie.

"Mdogo wangu," nikamwambia, "hebu ngoja."

Nikachukua kalamu. Sheria ya kliniki ni kwamba jibu lililokosewa halifutwi, linapigwa mstari mmoja na kutiwa saini pembeni. Nikapiga mistari kumi na miwili, nikatia saini kumi na mbili. Mwalimu alikuwa anaitazama kalamu. Nikamtaka radhi kwa lile neno nililolinong'ona, nikalitaja, kwa sauti ya kawaida, na Msifuni akasikia. Mwalimu akainua mkono. Ulikwenda kwanza kwenye meza, ukaenda kwenye kalenda, kisha ukatua juu ya mkono wangu.

"Dada Nakiete," akasema Msifuni akijifuta macho kwa mfuko wa dawa, "si ulisema ni dakika kumi na tano tu? Mmeshamaliza?"

"Hata hatujaanza," nikamjibu, nikavuta kiti changu karibu na kile kizito, na kumwuliza Mwalimu swali la kwanza.